Uptime Kuma, sisi tuiite Dubu: mlinzi mzuri ila anaishia mlangoni

Nimekaa na Uptime Kuma, programu ya kufuatilia kama seva na huduma zako ziko hewani, mwaka na miezi minne sasa, kwa hiyo hii siyo rivyu ya mtu aliyeiwasha jana akaona alama za kijani zimejipanga akasema ni moto. Imenisaidia sana, kuna mara moja iliniacha nimelala fofofo huku seva inakufa (kosa langu zaidi kuliko lake, ntaeleza), na bado iko pale inafanya kazi. Kama hutaki kusoma yote basi jibu ni hili: iweke, ni bure, ila usidhani ukiona kijani ndo seva yako ni nzima. Kijani maana yake umepiga hodi kuna mtu kaitikia. Kama huyo aliyeitikia anaumwa au hana hali, hilo halisemi.

Kuhusu jina, najua, tusichekeshane. Kwa Kijapani neno hilo ni dubu, na jamaa aliyeitengeneza hakuwa na habari na sisi Waswahili. Mimi siwezi kulitamka mbele za watu kwa hiyo kwangu inaitwa Dubu na hapa itabaki Dubu.

Seva yenyewe ni laptopu ya zamani, skrini imekufa, RAM GB 8, ndani kuna Debian 12 (ni Linux) na juu yake kontena za Docker, yaani kila programu kwenye kisanduku chake: Nextcloud ya mafaili, Immich ya picha, Jellyfin ya muvi, Vaultwarden ya pasiwedi, na Pi-hole ya kuzuia matangazo nyumba nzima. Laptopu ya zamani kuwa seva siyo wazo baya kabisa, betri lake linakuwa kama UPS ya bure umeme ukikatika (ila likague mara kwa mara, betri la zamani likichomekwa muda wote linaweza kuvimba), na haili umeme sana, kifaa cha wati 10 kikiwaka mwaka mzima ni kama kilowati-saa 88 tu. Kitu kimoja tu cha kukumbuka, kwenye faili la logind.conf andika HandleLidSwitch=ignore, la sivyo siku ukifunga kifuniko seva inaenda kulala na wewe unabaki unaulizana na ruta.

Kabla ya Dubu mfumo wangu wa kufuatilia seva ulikuwa mdogo wangu. Nikiwa kazini simu inaita, "kaka, intaneti imekufa". Intaneti haijafa, ni Pi-hole imelala, na Pi-hole ndo DNS ya nyumbani, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, ikilala hakuna kifaa kinachojua jina lolote kwa hiyo kila mtu anaona intaneti imekufa. Huyo ndo alikuwa alamu yangu, na ni alamu nzuri kwa kweli, tatizo haifanyi kazi usiku na ikiita inaita na lawama.

Kuiweka ni rahisi mpaka unaona aibu. Kontena moja, poti 3001 (mlango wake wa mtandao), foda moja ya kutunzia data, amri ya mstari mmoja kwenye teminali, unafungua brauza unatengeneza akaunti umemaliza. Mimi ilinichukua dakika kumi na nusu yake nilikuwa nachagua kama nataka ukurasa mweusi au mweupe. Onyo moja tu, hiyo foda ya data iweke kwenye diski ya mashine yenyewe, usiiweke kwenye diski ya mtandao kwa NFS, maana ndani kuna databesi ya SQLite na hizo kufuli za mafaili zisipofanya kazi sawasawa databesi inaharibika. Hilo hata watengenezaji wenyewe wamelisema kwenye maelekezo, watu hawasomi.

Sasa ukishaingia unaanza kuongeza monita, moja kwa kila kitu unachotaka kiangaliwe, na hapa ndo wengi tunakosea mwanzoni. Mimi nilianza na pingi kwa kila kitu. Pingi ni kaujumbe kadogo ka kuuliza mashine "upo?", ni rahisi, unaweka anwani basi, ila pingi inajibiwa na kernel, yaani kile kiini cha mfumo, programu zote za juu zinaweza kuwa zimekufa na pingi ikaendelea kuitika kama hakuna kilichotokea. Nikapanda ngazi nikaweka monita za poti. Poti nazo hivo hivo, anayepokea muunganisho ni kernel hiyo hiyo, programu iliyoko ndani ya kontena inaweza kuwa imeganda na mlango ukaonekana wazi. Ya tatu ni HTTP, inafungua ukurasa kabisa na kuangalia kodi 200 (ya kusema ukurasa uko sawa), hii ni afadhali, ila kuna kurasa zinatoa 200 huku zimeandika "kuna hitilafu" katikati kwa herufi kubwa. Kwa hiyo ukiweza tumia ile ya kutafuta neno, unaiambia fungua ukurasa huu na hakikisha neno fulani lipo, na kwa programu zinazojibu kwa JSON (data iliyopangwa kimaandishi) unaweza kuiambia iangalie thamani fulani kabisa. Kwa Pi-hole weka monita ya DNS, iulize jina kama kifaa kingine chochote kinavyouliza. Mimi nyingi nimezihamishia kwenye neno, pingi nimebaki nayo kwa ruta na printa tu.

Halafu kuna suala la majaribio. Kila monita unaweza kuiambia ikishindwa ijaribu tena mara ngapi kabla ya kupiga kelele. Mimi nimeweka 3. Mwanzoni sikuweka, ruta ikipiga chafya kidogo simu inalia, inalia, inarudi kijani, inalia, baada ya wiki mbili nikazima sauti ya meseji zake, sasa hapo una mlinzi na umemziba mdomo mwenyewe.

Meseji zinakuja kwa njia nyingi mno, Telegram, Discord, barua pepe, ntfy (programu ya kutuma taarifa kwenye simu), orodha yake ni ndefu mpaka inachosha kusoma. Mimi nilijifanya mjanja nikasema sitaki kutegemea kampuni ya mtu, ntaweka ntfy yangu mwenyewe, nikaiweka wapi? Kwenye laptopu ile ile. Yaani taarifa ya msiba nimempa marehemu aipeleke. Nikahamia Telegram, unatengeneza boti, unachukua tokeni na namba ya chati unabandika, unabonyeza kitufe cha kujaribu meseji inaingia. Nikatulia.

Kumbe bado. Pi-hole ikafa siku moja, nikafika nyumbani nakuta mdogo wangu kanuna, na simu yangu haina meseji hata moja. Nikafungua dashibodi, Dubu kaona kila kitu, nyekundu iko pale na saa yake imeandikwa, ila ili atume meseji inabidi atafute anwani ya api.telegram.org, na wa kumpa anwani ni Pi-hole, na Pi-hole ndo mgonjwa mwenyewe. Alikuwa anajua, hana wa kumwambia. Suluhisho ni dogo, kontena yake ipe DNS nyingine wakati wa kuiwasha, --dns 1.1.1.1 inatosha, isitegemee ile inayoilinda. Ila sijaona watu wakilisema hili na nina uhakika siko peke yangu niliyenaswa.

Kitu kingine ninachokipenda ni vyeti vya HTTPS, vile vinavyofanya brauza iiamini tovuti yako. Monita ya HTTP inaweza kukuonya cheti kikikaribia kuisha, kwa kawaida siku 21, 14 na 7 kabla. Zamani hukuwa na haja sana maana Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, walikuwa wanatuma barua pepe wenyewe, ila waliacha kutuma Juni 2025, na vyeti vyao vya kawaida vinakaa siku 90 tu, kwa hiyo kama ile kazi ya kuhuisha cheti imekwama kimya kimya utajua siku brauza inakutolea ukurasa mwekundu wa kutisha. Hapa Dubu analipa mshahara wake.

Haya, ile mara moja sasa.

Bekapu yangu ilikuwa skripti ya rsync, inakimbia saa nane usiku, inanakili picha na mafaili kutoka diski kubwa ya ndani kwenda diski ya USB iliyofungwa (mount, yaani imeunganishwa na foda) kwenye /mnt/bekapu. Wakati huo Dubu nilishamhamishia kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo (ntaeleza kwa nini), monita kumi na kitu, zote kijani. Umeme ukakatika muda mrefu kuliko betri la laptopu linavyoweza, uliporudi laptopu ikawaka ila diski ya USB ikachelewa kuamka. Na mimi kwenye fstab, faili la diski za kufungwa mashine ikiwaka, nilishaandika nofail, yaani nilisema mwenyewe kwamba diski hiyo isipokuwepo endelea tu usinisumbue. Ikaendelea, haikunisumbua. Saa nane usiku skripti ikaamka, ikaiona foda ya /mnt/bekapu iko pale, kwa sababu foda ipo hata diski ikiwa haipo, ikaanza kumwaga GB 300 za picha kwenye SSD ndogo ya mfumo yenye nafasi GB 140. Unajua kilichofuata.

SSD imejaa asilimia 100 na Dubu anasema kijani. Pingi inajibu. Ukurasa wa Vaultwarden unafunguka, maana ukurasa ni mafaili tu yaliyokwisha kuwepo, Jellyfin inafunguka, poti zote zinaitika. Siku mbili hivo. Mpaka mdogo wangu, yule yule, akasema "kaka, nikisevu pasiwedi inagoma". Nikasema umekosea wewe. Hajakosea.

Sasa mahali nilipopoteza usiku ni hapa. Kitu cha kwanza nilichofanya kwa haraka nikaifunga ile diski ya USB kwa mkono, mount, ikakubali. Halafu nikaanza kutafuta nani kajaza SSD. df (amri ya kuona nafasi ya diski) inasema imejaa, du (ya kupima foda) napita foda moja moja jumla haifiki hata nusu. Nafuta logi, nafuta image za Docker za zamani, napata GB 6, GB 4, muda wote huo najiita mtu wa seva na siwezi kupata GB 140 zimejificha wapi. Zilikuwa chini ya ile diski. Ukifunga diski juu ya foda, yaliyokuwemo ndani ya foda yanafunikwa, yapo ila huyaoni. Nikaja kustuka alfajiri, umount, ls, hayo hapo yote yamekaa yananiangalia.

Nilibadilisha mambo matatu. Fstab sasa inatumia UUID, namba ya kipekee ya diski. Foda ya /mnt/bekapu ikiwa tupu na diski haijafungwa niliipiga chattr +i, ambayo inazuia hata root, msimamizi mkuu wa mashine, asiandike humo, kwa hiyo diski isipokuwepo rsync inagonga ukuta badala ya kujaza nyumba. Na la tatu ndo linanirudisha kwenye rivyu, ni monita ya Push.

Push ndo kitu bora kuliko vyote ndani ya Dubu na naona watu wengi wanairuka kwa sababu jina lake halisemi kitu. Monita nyingine zote Dubu anaenda kugonga mlango. Push ni kinyume chake, anakupa linki anakaa anasubiri uje wewe, usipokuja ndani ya muda mliokubaliana anapiga kelele. Skripti yangu sasa inasema hivi kwa kifupi: mountpoint -q /mnt/bekapu && rsync ... && curl (amri ya kufungua linki) ya ile linki. Hizo && ndo roho yake, diski isipokuwepo hafiki kwenye rsync, rsync ikishindwa hafiki kwenye curl, curl isipofika Dubu anaona kimya. Muda nimeweka sekunde 90000, ambayo ni masaa 25, saa moja ya ziada kwa siku ambazo picha zimekuwa nyingi. Sasa hivi nina Push kwa bekapu, kwa kuhuisha cheti, kwa ule ukaguzi wa diski wa kila mwezi, na hata kaskripti kadogo ka kila dakika tano kanakoangalia df, ikiwa chini ya asilimia 85 kanaripoti, ikizidi kananyamaza. Ni ujanja wa kienyeji lakini unafanya kazi.

Kwa nini ujanja wa kienyeji? Kwa sababu Dubu hana wakala wa kuingia ndani ya mashine. Haoni RAM, haoni joto, haoni nafasi ya diski. Siyo kasoro, hajatengenezwa kwa ajili hiyo, ila nilivyoanza nilidhani nimemaliza kazi na sijamaliza. Nilijaribu Prometheus na Grafana, za kukusanya vipimo na kuchora grafu, kwa wiki tatu. Prometheus ilianzia SoundCloud mwaka 2012, ni zana ya watu wenye mashine mia, na kwa laptopu moja nilijikuta nina kontena nne za kuangalia kontena tano, halafu nikatumia Jumamosi nzima kupanga rangi za grafu. Netdata nayo ni nzuri, inachukua vipimo kila sekunde, ila mimi ni dhaifu, nikiona grafu inayotembea nakaa naitazama kama mtu anatazama moto. Nilikoishia ni Beszel. Ina kitovu kimoja na wakala mdogo kwenye kila mashine, inakuonyesha CPU, RAM, diski, joto na kila kontena inakula kiasi gani, unaweka kikomo inakutumia meseji, basi. Beszel inaniambia mgonjwa ana joto, Dubu ananiambia kama anaitika. Ningekuwa na Beszel usiku ule ningepata meseji ya diski kabla SSD haijajaa.

Za diski kuoza niliacha smartd, inayosoma afya ya diski (SMART), initumie barua pepe, naangalia namba 5, 197 na 198 za sekta mbovu au zinazoshukiwa, zikianza kupanda toka sifuri naanza kuaga. 199 ikipanda mara nyingi ni waya, badilisha waya kwanza kabla hujalia.

Sasa wapi umuweke Dubu. Siyo kwenye mashine anayoilinda, hili lisibishaniwe, mashine ikifa wanakufa wote na wewe unapata ukimya ule ule ambao ungeupata bila yeye. Mimi yuko kwenye Raspberry Pi, inamtosha kabisa. Ila hata Pi iko nyumba moja na laptopu, ruta ikizima hatoki nje, kwa hiyo Pi yenyewe kila dakika tano inagonga Healthchecks.io, huduma ya nje inayofanya kazi kama Push, ikikaa kimya wao wananitumia barua pepe. Na nina rafiki naye ana Dubu wake, tumebadilishana, wake anaangalia kwangu na wangu anaangalia kwake. Hapa kuna kitufe kimoja nilikuwa nakiona cha kijinga, kinachogeuza monita juu chini, kwamba kisipofunguka ndo kijani na kikifunguka ni nyekundu. Rafiki yangu amekitega kwenye poti 22 (ya SSH, ya kuingilia kwenye seva) ya kwangu kutokea nje. Mlango huo hautakiwi kuitika kwa mtu wa nje hata siku moja, siku nikikosea kwenye ruta nikaufungua ye ataniambia.

Malalamiko sasa. Akaunti ni moja tu, huwezi kumpa mtu wa nyumbani akaunti ya kutazama bila kumpa funguo zote, unachoweza ni kutengeneza ukurasa wa hali ya seva wa kuonyesha watu, ambao ni mzuri ila siyo kitu kile kile. Mipangilio yote ni ya kubonyeza, hakuna faili moja la maandishi la kuitunza, na ile njia ya kutoa mipangilio kama faili la JSON iliondolewa kwenye toleo la 2, kwa hiyo bekapu ya Dubu ni kuzima kontena na kunakili foda ya data nzima. Kuangalia kontena moja kwa moja inataka uipe docker.sock, faili la kuamrisha Docker, na hiyo ni sawa na kuipa root ya mashine nzima, mimi sikuipa.

Na usikimbilie sekunde 20 kwa kila monita. Piga hesabu, monita 15 kila sekunde 20 ni mistari 64,800 kwa siku kwenye databesi, ukiitunza siku 180 unapita milioni 11, kwenye SQLite, kwenye Pi. Mimi nilifanya hivo nikawa nafungua dashibodi naenda kufanya kazi nyingine narudi. Sekunde 60 inatosha, nani huyo nyumbani kwako anayehitaji kujua ndani ya sekunde 20 kwamba muvi haifunguki? Hizo milioni zilikuja kunidai tena siku napanda kutoka toleo la 1 kwenda la 2, inahamisha historia yote kwenda kwenye mpangilio mpya na inachukua muda mrefu, mimi zaidi ya saa, skrini haisemi chochote cha maana na mkono unawasha kuirestati. Usiirestati. Na nakili foda ya data kabla hujaanza.

Poti ya 3001 usiifungue kwa dunia, ingia kwa WireGuard (VPN ya nyumbani) kama vitu vingine vyote.

Mdogo wangu sasa naye nimemuweka kwenye kundi la Telegram ambalo boti inatuma meseji. Juzi kanipigia niko njiani, "kaka, Dubu kasema Pi-hole imerudi". Mimi hata sikujua kama ilikuwa imeondoka, simu nilikuwa nimeiweka kimya.